Kiingereza cha Baada ya Vipindi: Kazi Tuliyoigeuza Sherehe

Tangu Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014 lilipozinduliwa mjini Dodoma mwanzoni mwa 2025, ubishi wa lugha ya kufundishia umerudi kwa sura ileile ya miaka yote. Kiswahili kimebaki kuwa lugha ya elimu ya awali na msingi, Kiingereza kimebaki sekondari, na kila kundi limetangaza ushindi au msiba. Wakuu wa shule wameisoma habari hiyo kwa namna yao. Desturi zilizokuwapo tangu zamani katika sekondari zetu zimepata sababu mpya ya kuwapo: siku za wiki zinazotengwa kwa Kiingereza pekee, hotuba fupi ya mwanafunzi mstarini asubuhi, mdahalo wa mchana, maigizo ya siku ya taaluma, na lile bango la mlango wa ofisi linalomwarifu mtoto kwamba asiyezungumza Kiingereza hatahudumiwa. Mzazi akiuliza shule inafanya nini kuhusu Kiingereza, huonyeshwa bango, na siku ya mahafali huonyeshwa igizo mbele ya mgeni rasmi.

Shughuli hizi zimeeleweka vibaya na wanaozipenda na wanaozidharau kwa pamoja. Wa kwanza wanaziona kama pambo la shule, jambo la kuonyesha. Wa pili wanaziona kama kasumba, au kama saa zilizoibwa kutoka kwenye maandalizi ya mtihani. Hoja yangu ni tofauti. Katika sekondari ya kawaida ya Tanzania, mdahalo, klabu na usomaji wa hiari ndizo karibu nafasi pekee ambazo mwanafunzi anaweza kukitumia Kiingereza kusema jambo alilolifikiri mwenyewe, na kwa sababu hiyo ni sehemu ya ufundishaji zinazostahili saa, mwalimu na vitabu kama somo lolote. Lakini haziwezi kuifanya kazi hiyo mpaka shule ikubali hadharani kwamba ni shule ya lugha mbili, na iruhusu Kiswahili kiingie ndani ya shughuli zenyewe za Kiingereza kama lugha ya kujiandalia. Kanuni inayokipiga marufuku Kiswahili ndiyo inayoziua shughuli hizo.

Ili kuona kwa nini mzigo huu umeangukia saa za baada ya vipindi, inabidi kurudi nyuma kidogo. Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma mwaka 1967, wengi walitarajia kwamba sekondari ingefuata. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza hivyo hasa, kwamba Kiswahili kianze Kidato cha Kwanza mwaka 1985 na kifike chuo kikuu mwaka 1992. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza shuleni na kukuta kwamba kiwango cha wanafunzi wa sekondari kilikuwa chini mno kuweza kubeba masomo mengine. Hata hivyo walishauri lugha hiyo iendelee, ila iimarishwe. Kutokana na ushauri huo ulizaliwa mradi uliogharamiwa na Uingereza katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, na kiungo chake kikuu kinafaa kukumbukwa leo: ulipeleka shuleni vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa Kiingereza chepesi, ili watoto wasome nje ya darasa kwa kujifurahisha. Haukuanza na adhabu wala mabango. Ulianza na vitabu.

Kisha idadi zikabadilika. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulijenga shule za kata nchi nzima, na mwaka 2016 ada ikafutwa hadi Kidato cha Nne. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa ya kijamii, na simwonei aibu anayeyasifu. Lakini yaliingiza sekondari mamilioni ya watoto ambao Kiingereza walikuwa wamekisoma kama somo moja tu kati ya mengi, mara nyingi kwa mwalimu ambaye naye hakukimudu, huku idadi ya walimu na vitabu ikishindwa kwenda na ongezeko hilo. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri, na Waziri Mkuu akalazimika kuunda tume kuchunguza. Lugha haikuwa sababu pekee, ila hakuna aliyewahi kusahihisha madaftari ya shule hizo akaweza kusema kwamba haikuhusika.

Kinachotokea darasani kila mwalimu anakijua. Mtoto huhitimu shule ya msingi akiwa amefundishwa Hisabati na Sayansi kwa Kiswahili, huingia Kidato cha Kwanza, hupewa wiki kadhaa za kozi ya kumzoesha Kiingereza, kisha huanza Baiolojia, Fizikia, Jiografia na Historia kwa lugha hiyo. Mwalimu huandika ubaoni kwa Kiingereza, hufafanua kwa Kiswahili, huuliza kwa lugha zote mbili, na wanafunzi huitikia kwa pamoja neno moja la mwisho wa sentensi. Sioni kosa katika kuchanganya huko; mwalimu anayefafanua kwa Kiswahili anafundisha, na anayekataa kufanya hivyo anasoma notisi mbele ya watu walionyamaza. Tatizo liko kwenye hesabu. Kipindi ni dakika 40. Katika darasa la wanafunzi 60, hata mwalimu akinyamaza kipindi kizima na kuwaachia wote waseme kwa zamu, kila mmoja atapata sekunde 40. Kwa kuwa mwalimu hanyamazi, mwanafunzi wa kawaida anaweza kumaliza wiki nzima bila kutamka sentensi moja kamili ya Kiingereza aliyoitunga kichwani mwake. Halafu mwisho wa mwaka wa nne anatakiwa kuandika insha na maelezo ya sayansi kwa lugha hiyo. Pengo la kati ya sekunde hizo na insha hiyo ndilo ambalo mdahalo wa mchana umeachiwa kuliziba, bila yeyote kusema kwamba umeachiwa.

Zipo hoja tatu zinazopingana kuhusu namna ya kulichukulia jambo hili, na hazina uzito sawa.

Ya kwanza, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote, ni ya wasomi wa Kiswahili na elimu wanaosema kwamba tunahangaika na dawa ya ugonjwa tuliojitakia. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, amesisitiza kwa miaka mingi kwamba kuifanya lugha kuwa ya kufundishia si njia bora ya kuifundisha lugha hiyo, na kwamba Kiingereza kingeweza kufundishwa vizuri zaidi kama somo, na walimu waliobobea, huku masomo mengine yakitolewa kwa lugha ambayo mtoto anaielewa. Mradi wa utafiti wa LOITASA, ulioziunganisha Tanzania, Afrika Kusini na Norway, ulijaribu kufundisha mada zilezile kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na ukatoa ushahidi kwamba wanafunzi hushiriki na kuelewa zaidi wanapofundishwa kwa lugha wanayoimudu. Sina hoja ya kuupinga ushahidi huo, wala sitaki kuitafuta. Lakini sera imeamua vinginevyo kwa sasa, na mtihani wa Taifa uko kwa Kiingereza isipokuwa kwa masomo machache. Anayesema kwamba shughuli za Kiingereza ni kasumba na ziachwe anasema, bila kukusudia, kwamba mtoto wa shule ya kata aondolewe mazoezi pekee aliyo nayo, wakati mtoto wa mjini aliyesoma mchepuo wa Kiingereza tangu awali anayapata mezani, kwenye televisheni na kwa mwalimu wa ziada. Mtu anaweza kuipigania lugha ya Taifa bungeni na vyuoni huku akimtakia mwanafunzi wa leo mdahalo mzuri. Mapigano hayo mawili hayagombani.

Hoja ya pili ni ya walimu wa taaluma na baadhi ya wazazi: mdahalo ni starehe, na saa mbili za Alhamisi zingefaa zaidi kama zingetumika kufanya maswali ya mitihani iliyopita. Hoja hii ina ukweli unaouma. Mtihani wa Kiingereza wa Kidato cha Nne kwa miaka mingi umekuwa wa maandishi peke yake, hauna sehemu ya kumsikiliza mwanafunzi akizungumza, na jambo lisilotahiniwa katika nchi yetu huhesabiwa kuwa halipo. Hata hivyo wanaoisema wanasahau jinsi maswali ya mitihani iliyopita yanavyofanywa. Mwanafunzi asiye na lugha hukariri jibu zima, na swali likigeuzwa kidogo anaandika jibu alilokariri la swali lingine. Kila msahihishaji amekutana na insha nzuri isiyohusiana na kichwa chake. Kujieleza kwa mdomo, kupingwa, na kulazimika kulisema upya jambo lilelile kwa maneno mengine ndilo zoezi linalovunja ukariri, na hilo halipatikani kwenye karatasi ya mwaka jana.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayotawala shuleni. Inasema kwamba Kiswahili ndicho kinachoharibu Kiingereza, kwa hiyo dawa ni kukifukuza nje ya uzio wa shule. Watetezi wake hutoa mfano wa seminari na shule za bweni zenye sifa, ambako Kiswahili kimekatazwa na wanafunzi wanazungumza Kiingereza kama maji. Wanachosahau ni kwamba shule hizo huchagua wanafunzi kwa usaili, zina maktaba, zina madarasa madogo, na watoto wake wengi walikuja na Kiingereza chao kutoka shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza. Ukiichukua kanuni peke yake na kuiacha maktaba, ukaipeleka kwenye shule ya kata yenye watoto ambao mwaka jana walikuwa wanasoma kila kitu kwa Kiswahili, hutapata Kiingereza. Utapata kimya. Mtoto aliyekatazwa lugha anayoijua na ambaye hajapewa ile anayotakiwa kuijua hujifunza kukaa mbali na walimu, kuongea kwa kunong'ona nyuma ya madarasa, na kupeleka shida zake ofisini pale tu zinapokuwa zimeshindikana kabisa. Tena fikiria bango lile la ofisini kwa mtoto wa kike mwenye umri wa miaka 13 aliye na jambo la kumweleza matroni au mwalimu wa malezi, jambo ambalo hata kwa Kiswahili lingemtia haya.

Kiisimu pia hoja hiyo haina miguu. Mtafiti wa Canada Jim Cummins alieleza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba maarifa na stadi za kufikiri alizojenga mtoto katika lugha yake ya kwanza humsaidia kupanda katika ya pili, na kwamba mazungumzo ya kawaida huchukua takriban miaka miwili kuyamudu, ilhali lugha ya kitaaluma, ile ya vitabu na mitihani, huchukua miaka mitano hadi saba. Hao walikuwa watoto wa wahamiaji katika nchi ambako Kiingereza kiko dukani, kwenye basi na uwanja wa mpira. Mtoto wa Nachingwea au Kasulu hana mazingira hayo, na anapewa wiki kadhaa. Aliyeelewa usanisinuru kwa Kiswahili anahitaji maneno mapya tu kuueleza kwa Kiingereza. Asiyeuelewa kwa lugha yoyote hata akipewa maneno hana cha kuyavisha.

Kuhusu adhabu, sheria nayo haiko upande wa wanaozitoa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu viboko kwa utovu mkubwa wa nidhamu, visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kumsalimu mwenzako kwa lugha ya Taifa si utovu mkubwa wa nidhamu kwa tafsiri yoyote ile. Mfumo wa kiranja kuandika majina ya waliosikika wakizungumza Kiswahili, kisha majina hayo kusomwa mstarini na wahusika kupelekwa kufyeka au kudeki, una ubaya wa ziada: unawafundisha watoto kupelelezana. Kenya waliurithi mtindo huo kutoka shule za kikoloni, ambako mtoto aliyezungumza lugha ya mama alivishwa kibao na kukihamishia kwa mwingine atakayemnasa. Mwezi Julai shule hizohizo zetu zinaandaa ngonjera za Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na watoto wanaimba kwamba Kiswahili ni fahari yao. Sijui wanatufikiriaje.

Nikiiacha kanuni hiyo, nataka kukaa kidogo kwenye mdahalo wenyewe, kwa sababu humo ndimo mali ilimo na humo ndimo inamopotea. Mdahalo wa kawaida wa sekondari una mwenyekiti, katibu, mtunza muda, na wazungumzaji wakuu watatu au wanne kila upande. Wazungumzaji hao huwa ni walewale muhula mzima, wale ambao Kiingereza chao tayari ni kizuri. Husimama, hutoa salamu ndefu iliyokaririwa kwa mwenyekiti na majaji na wanahadhira, husoma walichoandika au walichoandikiwa, hukaa. Kisha wachangiaji kutoka ukumbini huruhusiwa, wanasimama watatu au wanne, mmoja anakosea kisarufi, ukumbi unacheka, na baada ya hapo hakuna anayenyoosha mkono. Mada ni ileile ya tangu enzi za baba zao: elimu ni bora kuliko fedha, mkulima ni bora kuliko daktari, bweni ni bora kuliko kutwa. Wanafunzi 400 wamekaa saa mbili na waliozungumza hawafiki 15.

Nimewahi kuketi kama jaji katika mdahalo wa namna hiyo, na kilichonivutia hakikuwa jukwaani. Kwenye benchi la mbele, upande uliokuwa unapinga hoja ulikuwa unanong'onezana kwa Kiswahili, na hoja waliyokuwa wakiijenga ilikuwa kali, yenye mfano wa bei ya mahindi kijijini kwao na wa mwalimu aliyeacha kazi kwenda kulima vitunguu. Zamu yao ilipofika, aliyesimama alisema kwa Kiingereza kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Ile hoja kali ilibaki kwenye benchi, kwa kuwa hapakuwa na mahali wala muda wa kuivusha kutoka lugha moja hadi nyingine.

Kuivusha huko ndiyo kazi ambayo shughuli ya Kiingereza inapaswa kuipanga, na haina gharama kubwa. Mada itangazwe mapema, na itoke kwenye kile kinachofundishwa wiki hiyo. Darasa linalosoma nishati ya maji katika Jiografia au Fizikia linaweza kubishana kuhusu Bwawa la Julius Nyerere mtoni Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115: je, ni busara Taifa kuegemea mto mmoja kwa sehemu kubwa ya umeme wake, na wakulima na wavuvi walio chini ya bwawa wanapata nini na kupoteza nini? Kikao cha kwanza kifanyike kwa Kiswahili, bila woga, mpaka hoja zisimame. Kikao cha pili kiwe cha kutafuta maneno na sentensi za Kiingereza za kuzibeba hoja hizohizo, wakisaidiwa na mwalimu wa Kiingereza na yule wa Jiografia kwa pamoja. Kikao cha tatu kiwe mdahalo, tena katika makundi ya watu wanane au kumi madarasani badala ya ukumbi mmoja, ili kila mtu alazimike kusema angalau mara mbili. Siku inayofuata kila mmoja aandike ukurasa mmoja. Mwanafunzi aliyepita njia hiyo amelitumia neno la kitaalamu kwa kulisikia, kulisema, kulitetea na kuliandika, na amelitumia kwa jambo analolijua.

Mpango wa aina hii hauombi jambo la ajabu. Vitabu vya majaribio vilivyoandaliwa na wasomi wa Chuo Kikuu cha Bristol na wenzao wa hapa nchini, Chuo Kikuu cha Dodoma kikiwamo, kwa ajili ya Kidato cha Kwanza, vilijengwa juu ya wazo hilihili: Kiingereza chepesi, istilahi zilizofafanuliwa kwa Kiswahili, na mazoezi yanayomruhusu mwanafunzi kujadili kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine. Kilichokosekana ni kulipeleka wazo hilo kwenye saa za mchana, ambazo hazibanwi na muhtasari wala na mtahini.

Suala la kuchekana halitaondoka kwa tangazo. Linaondoka pale mwalimu mwenyewe anapokosea hadharani na kusahihishwa bila fedheha, na hapo ndipo shida nyingine inapojitokeza: walimu wengi wa masomo mengine hawahudhurii mdahalo kwa sababu wao pia wanaogopa kukosea mbele ya wanafunzi. Hili linasemwa kwa nadra, kwa kuwa linawaumiza watu wanaofanya kazi ngumu kwa mshahara mdogo. Lakini ni ukweli, na klabu ya Kiingereza ya walimu, ya saa moja kwa wiki, ingefaa kutangulia ile ya wanafunzi.

Na vitabu. Nimetaja kwamba mradi wa miaka ya 1980 ulianza navyo, na nje ya nchi uko ushahidi thabiti wa kwa nini ulikuwa na akili. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi takriban 250 kwa kila darasa katika shule za msingi za vijijini visiwani Fiji, ambako Kiingereza ni lugha ya pili, na watoto waliosoma vitabu hivyo walipanda katika kusoma kwa kasi ya karibu mara mbili ya wenzao waliofuata mtaala wa kawaida. Fedha tunazotumia kuchapa mabango, kukodi vipaza sauti vya siku ya taaluma na kushona mavazi ya igizo la mahafali zingenunua vitabu vya kujaza kabati moja la klabu. Najua igizo la mahafali lina furaha yake na wazazi hulipenda. Libaki, ila lisihesabiwe kuwa ndilo programu ya Kiingereza ya shule, maana wanaoigiza ni 12 na maneno si yao.

Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 unaongeza sababu ya kulifikiria jambo hili upya. Sekondari sasa ina mkondo wa amali pamoja na ule wa jumla, na mwanafunzi anayejifunza uchomeleaji, ushonaji au ufundi umeme atafanya kazi maisha yake yote katika karakana ambako Kiswahili ndicho kinachotoa amri na kupokea malipo. Kumpeleka kwenye mdahalo wa elimu na fedha ni kumpotezea muda. Kiingereza anachokihitaji kiko kwenye kitabu cha maelekezo ya mashine, lebo ya kemikali, bei elekezi ya vipuri na barua kwa mteja wa nje, na shughuli yake ya mchana ingeweza kuwa kusoma maelekezo hayo kwa Kiingereza, kuyatekeleza, kisha kumweleza mwenzake kwa Kiswahili na kurudi tena. Shule itakayoweka klabu moja ya Kiingereza kwa mikondo yote miwili itakuwa haikuielewa mikondo hiyo.

Kisha kuna mwaka 2028. Elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita, na kwa mpangilio wa utekelezaji, waliokuwa Darasa la Tatu na la Nne mwaka 2024 watamaliza pamoja mwishoni mwa 2027, mmoja akiwa ametoka darasa la sita na mwingine la saba. Januari inayofuata watoto hao wa marika mawili wataingia Kidato cha Kwanza kwa mlango mmoja. Nusu yao watakuwa wadogo kwa mwaka mzima kuliko tulivyozoea, na watakuwa na mwaka mmoja pungufu wa shule. Ile hesabu ya sekunde 40 itakuwa imegawanywa upya kabla mwalimu hajafungua mdomo. Zile siku za Kiingereza pekee, zikibaki zilivyo, zitawapokea kwa orodha ya majina.

Wathibiti ubora wa shule ndio wanaoweza kulibadilisha hili mapema kuliko waraka wowote, kwa sababu mkuu wa shule huandaa kile anachojua kitaulizwa. Leo huulizwa kama shule ina klabu na kama ina siku ya Kiingereza, naye hujibu kwamba ipo, na picha za mahafali zipo ukutani kuthibitisha. Waulize badala yake daftari la mdahalo la muhula uliopita: ni wanafunzi wangapi tofauti waliozungumza, ni mada ngapi zilitoka kwenye masomo yao, ni vitabu vingapi vilitoka kabatini na kurudi. Na wakipita koridoni wakute wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wakibishana kwa Kiswahili kuhusu jambo watakalolisema kwa Kiingereza Alhamisi, wawaache wamalize.